Krete, Rhodes au Naxos: kisiwa kipi kwa anayetaka jua na magofu ya Kigiriki?

Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja hana sababu ya kukata tiketi hadi Ugiriki kwa ajili ya mchanga mweupe. Mchanga anao, tena laini kuliko wa kule. Ndiyo maana orodha nyingi za visiwa vya Ugiriki hazitufai sana. Zimeandikwa kwa watu wanaokimbia baridi ya kwao, zinapanga visiwa kwa uzuri wa ufukwe na machweo, na magofu zinayagusa mwishoni kama jambo la kujazia asubuhi yenye mawingu. Kwetu hesabu inageuka. Bahari iwe nyongeza, mawe ndiyo yakupeleke.

Kwa hiyo ninalinganisha visiwa kwa kuanzia kwenye mawe, kisha ndiyo nije kwenye maji, upepo, nauli na viza. Nimechukua vitatu. Krete ndicho kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, kilomita za mraba 8,300 hivi, yaani Unguja mara tano. Rhodes ina kama 1,400, pungufu kidogo ya Unguja. Naxos ina 430, karibu sawa na Mafia, na nimeihesabu pamoja na Delos, kijisiwa kitupu kilicho jirani ambacho hakuna mgeni anayeruhusiwa kulala. Ukubwa huo ukae kichwani, kwa sababu ndio unaoamua kama utahitaji gari na kama utahama hoteli katikati ya safari.

Santorini nimeiacha makusudi. Ina Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano yapata 1600 KK, na leo unautazama ukiwa chini ya paa kubwa, nyumba za ghorofa zikiwa bado zimesimama. Ni mahali pa kwenda. Lakini kisiwa ni ghali na kinafurika abiria wa meli za kitalii, kiasi kwamba tangu Julai 2025 abiria wa meli hizo wanatozwa euro 20 kila mmoja wakishuka Santorini au Mykonos katika miezi ya kilele. Kutoka Krete au Naxos unaweza kwenda kwa boti ya kasi na kurudi siku hiyohiyo wakati wa kiangazi. Inatosha.

Athens imo katika ratiba zote tatu. Lala usiku mbili. Parthenon, hekalu lililojengwa kati ya 447 na 432 KK juu ya kilima cha Acropolis, huwezi kufika Ugiriki ukairuka, na tiketi ya Acropolis ni euro 30 tangu Aprili 2025, ikiwa na saa maalumu ya kuingia. Chukua ya saa mbili asubuhi. Kwenye tiketi itaandikwa 08:00, usije ukajichanganya.

Mawe ya Krete

Kuna jambo wauzaji wa safari hulipitia haraka: magofu yaliyoipa Krete jina si ya Wagiriki. Kasri la Knossos, kilomita tano kutoka mjini Heraklion, lilijengwa na watu tunaowaita Waminoa, waliostawi karne nyingi kabla ya Athens kuwa na jina. Maandishi yao ya awali hadi leo hakuna aliyefanikiwa kuyasoma. Yale yaliyokuja baadaye palepale Knossos ndiyo yaliyofumbuliwa na Mwingereza Michael Ventris mwaka 1952, na ikaonekana ni Kigiriki. Maana yake Wagiriki walifika wakati kasri tayari lilikuwa kongwe.

Ukienda Krete ukitarajia nguzo nyeupe na mahekalu ya Zeus, utarudi umenuna. Ukienda ukijua unachokwenda kukiona, hakuna kisiwa kitakachokupa umri mkubwa namna ile. Mwaka 2025 UNESCO iliyaingiza makasri sita ya Kiminoa kwenye orodha ya urithi wa dunia, Knossos na Phaistos yakiwemo.

Knossos ina ugomvi wake. Mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba mwaka 1900, na hakuishia kuchimba. Alimwaga zege, akasimamisha nguzo nyekundu zilizo nene juu na nyembamba chini, akajenga upya ghorofa nzima kadiri alivyoamini zilikuwa. Wataalamu wengi wanalichukia zege lile. Mimi naona kwa mtu wa kawaida linasaidia: unaona ngazi inavyoshuka, mwanga unavyoingia kutoka juu, chumba cha kiti cha enzi kilivyokaa. Sharti ni moja, ukumbuke kwamba unatazama Ukrete wa kale uliochanganyika na Uingereza wa 1920. Michoro ya ukutani pale ni nakala. Ile halisi, pamoja na mchoro wa vijana wanaomruka fahali, imo katika Makumbusho ya Akiolojia mjini Heraklion. Panga hivi: Knossos lango linapofunguliwa, makumbusho jua linapokuwa utosini.

Siku bora ya mawe Krete, kwa maoni yangu, haiko Knossos. Iko kusini. Chukua gari asubuhi, vuka milima hadi uwanda wa Messara, usimame Gortyn. Hapo ndipo utakutana na Wagiriki wenyewe, tena katika jambo ambalo hukulitegemea: sheria. Kwenye ukuta wa mawe kumechongwa mistari mia sita hivi ya sheria za mji, yapata 450 KK. Mstari wa kwanza unasomwa kutoka upande mmoja, unaofuata unarudi, kama maksai wanavyolima shamba bila kuinua jembe. Inazungumzia mirathi, watumwa, watoto wa kuasili, na talaka. Mke akiachwa anaondoka na mali aliyokuja nayo, pamoja na nusu ya nguo alizofuma akiwa ndani ya ndoa. Simama mbele ya ukuta ule na watu wawili walioko kwenye ndoa, uone mjadala utakaozuka.

Kutoka Gortyn ni mwendo mfupi hadi Phaistos, kasri la Kiminoa lisilotiwa zege, juu ya kilima chenye uwanda wote chini yake. Kisha unateremka Matala, ufukwe wenye mapango yaliyochongwa kwenye jabali. Magofu mawili na kuogelea, siku moja. Na kama mnasafiri na kikundi cha kanisa, pwani hiyohiyo ya kusini ina Bandari Nzuri ya Matendo 27, meli ya Mtume Paulo ilipotia nanga kabla ya dhoruba.

Mawe ya Rhodes

Rhodes si kongwe kama Krete, na magofu yake ya Kigiriki si makubwa kama ya Delos. Nguvu yake ni tabaka. Wagiriki, Warumi, Wabizanti, watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane walioishika kuanzia 1309 hadi 1522, Waosmani hadi 1912, kisha Waitaliano hadi baada ya vita vikuu vya pili. Kila mmoja alijenga, na kwa bahati hakubomoa yote ya mwenzake. Mji Mkongwe wa Rhodes umezungukwa na ukuta mnene wa mawe, watu wanaishi humo, wanaanika nguo, paka wanalala kwenye milango ya karne ya 15. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Mombasa au Lamu atatembea humo bila ramani, akipotea kwa furaha.

Kwa magofu ya Kigiriki yenyewe, kuna Lindos, kilomita 50 hivi kusini. Kijiji cheupe kiko chini, jabali limesimama juu yake, na kileleni kuna hekalu la Athena likitazama bahari pande zote. Kabla hujamaliza kupanda, angalia kushoto kwenye ukuta wa jabali: kuna tezi ya meli ya kivita iliyochongwa moja kwa moja kwenye mwamba, karne ya pili KK, na mbao zake unaweza kuzihesabu. Wengi wanaipita wakihema. Baadhi ya nguzo za juu zilisimamishwa na Waitaliano kwa namna mbaya, ikabidi kazi irudiwe miaka ya karibuni. Ngazi ni nyingi na zimelainika kwa nyayo, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu asidanganywe na punda wanaokodishwa chini. Punda hafiki kileleni.

Kamiros, upande wa magharibi, ndiyo ninayoipenda zaidi pale. Ni mji wa kawaida: barabara kuu inateremka mlima, nyumba kulia na kushoto, tangi la maji juu, soko chini. Hakuna jengo la kushangaza hata moja, na ndiyo raha yake, kwa sababu unaona namna watu walivyoishi. Magari ya wageni ni machache kuliko Lindos.

Na lile sanamu kubwa la shaba, Kolosi ya Rhodes? Lilisimama miaka hamsini na kitu tu. Tetemeko la ardhi la 226 KK lililiangusha, na leo hakuna hata kipande, wala mahali liliposimama hapajulikani kwa hakika. Kadi za posta zinazolionyesha likitanua miguu juu ya mlango wa bandari ni ndoto za wachoraji. Usitenge muda wa kulitafuta.

Mawe ya Naxos na Delos

Naxos yenyewe ina vitu vichache vilivyotawanyika. Unapoingia bandarini unapokewa na Portara, mlango mkubwa wa marumaru uliosimama peke yake juu ya rasi ndogo, mabaki ya hekalu lililoanzwa yapata 530 KK na halikumalizika. Hakuna tiketi, hakuna geti, unaenda kwa miguu saa yoyote. Ndani ya kisiwa, Sangri, kuna hekalu la Demeter la marumaru tupu, hata vigae vya paa vilikuwa vya marumaru nyembamba inayopenyeza mwanga. Na kaskazini, Apollonas, kuna sanamu la mita kumi na zaidi lililolala machimboni tangu siku mafundi walipoliacha. Hayo ni ya kutafuta kwa basi au gari, na yanapendeza hasa kwa sababu uko karibu peke yako.

Lakini unakaa Naxos kwa ajili ya Delos. Hiki ni kisiwa cha kilomita za mraba tatu na nusu hivi ambacho Wagiriki waliamini ndipo alipozaliwa Apollo. Mwaka 426 KK Waathene walikitakasa, wakaamuru asizaliwe wala asife mtu pale. Wajawazito na wagonjwa mahututi walivushwa kisiwa cha jirani. Baadaye, 166 KK, Warumi wakakifanya bandari isiyotoza ushuru, na patakatifu pakageuka mji wa wafanyabiashara. Uliposhambuliwa na majeshi ya mfalme Mithridates, adui wa Roma, mwaka 88 KK haukuinuka tena, na kwa sababu hakuna mji mpya uliojengwa juu yake, umebaki wote: mitaa, maduka, ukumbi wa maonyesho, visima, nyumba zenye sakafu za mosaiki, simba wa marumaru wakiwa wamejipanga kwenye njia. Simba unaowaona nje ni nakala, wale halisi waliingizwa ndani ili hewa ya chumvi isiwamalize.

Kuna jambo la Delos ambalo vitabu vya wageni hulisema kwa mstari mmoja. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba bandari ile iliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku. Hata kama alizidisha, biashara ilikuwa kubwa. Mgeni aliyewahi kusimama Mkunazini, Unguja, au Bagamoyo, atazitazama zile sakafu nzuri za mosaiki kwa jicho lingine, akijua zililipiwa na nini.

Kwa mawe peke yake, basi: Delos inashinda. Ni mji mzima wa Kigiriki, na hakuna Krete wala Rhodes palipo na kitu kama hicho. Rhodes inafuata kwa wingi wa mambo tofauti ndani ya mwendo mfupi. Krete ni ya mwisho kwa Ugiriki na ya kwanza kwa ukale, kwa hiyo inategemea kiu yako ni ipi.

Maji

Kitu cha kwanza kitakachomshangaza mtu wa pwani ni kwamba maji hayaondoki. Mediterania ina kupwa na kujaa kwa kiasi kidogo mno kuonekana, hivyo huna haja ya kuuliza bamvua ni lini wala kuhesabu saa za kuogelea. Ufukwe uliouacha asubuhi utaukuta palepale jioni. Cha pili ni baridi. Mwezi Mei maji yana nyuzi 19 au 20 hivi, na aliyezoea Diani au Nungwi ataingia akipiga kelele. Septemba ndipo yanapokuwa mazuri, kama 25, na upande wa Rhodes joto hilo huendelea hadi Oktoba.

Naxos ndiyo yenye fukwe bora kwa familia. Agios Georgios unafika kwa miguu kutoka mjini, maji ni ya kina kifupi mbali sana, mtoto anacheza bila mama kukaa roho juu. Agios Prokopios na Plaka ni mchanga mrefu, na basi linafika. Krete ina Elafonisi na Balos, zile za kwenye picha zenye maji ya rangi mbili, lakini ziko magharibi kabisa. Ukiwa umelala Heraklion ni safari ya siku nzima ya kuchosha. Fukwe nyingi za Rhodes, hasa upande wa magharibi, ni za kokoto. Chukua viatu vya kuogelea.

Upepo, jua na mwezi wa kwenda

Julai na Agosti Bahari ya Aegean huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini. Unaweza kupiga siku kadhaa mfululizo bila mawingu hata moja, na wanaoupata kwa nguvu zaidi ni Naxos, Mykonos na majirani zao. Boti ndogo za kwenda Delos husitishwa. Feri kubwa nazo, upepo ukizidi, mamlaka ya bandari huzizuia kuondoka. Krete na Rhodes huathirika kidogo kwa sababu zina viwanja vikubwa vya ndege, na ndege haijali mawimbi.

Upepo huo unaficha ukali wa jua, na hapo ndipo hata sisi tunaojiona wenyeji wa joto tunapoumbuka. Joto la kwetu lina unyevu na miti. Kule ni kavu, mawe meupe yanarudisha mwanga usoni, na Delos hakuna mti wa kujificha wala duka la maji kila kona. Julai 2023 Acropolis ilifungwa saa za mchana kwa sababu ya joto, na mwezi huohuo moto wa msituni uliwaondoa watu wapatao elfu kumi na tisa kutoka kusini mwa Rhodes. Imejirudia miaka iliyofuata kwa Acropolis kufungwa mchana. Anayeweza kuchagua aende katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Juni akipenda mawe zaidi, au Septemba hadi mwanzo wa Oktoba akitaka na maji. Wenye watoto wa shule waliofungwa na likizo ya Agosti wachague Krete au Rhodes, na magofu wayamalize kabla ya saa tano asubuhi.

Desemba? Bei ni ndogo, na kuanzia Novemba hadi Machi Jumapili ya kwanza ya mwezi magofu ya serikali ni bure. Ila Naxos hoteli nyingi na migahawa hufungwa, na boti za Delos hukoma. Krete ina miji inayoishi mwaka mzima.

Kufika na kuzunguka

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe unafika Athens kwa kubadilisha ndege mara moja: Addis Ababa, Cairo, Doha, Dubai au Istanbul. Treni ya chini ya ardhi inatoka uwanjani hadi bandari ya Piraeus moja kwa moja, kama saa moja, kwa euro 9. Usichukue teksi ukiwa na haraka ya feri, foleni ya Athens haina huruma.

Krete inakupa feri ya usiku. Unapanda Piraeus jioni, unalala, asubuhi uko Heraklion baada ya saa tisa hivi, na umeokoa bei ya hoteli ya usiku mmoja. Naxos ni saa tano kwa feri ya kawaida, pungufu kwa boti ya kasi. Chagua ya kawaida, ina sehemu ya kukaa nje na tumbo halichafuki. Rhodes iko mbali, karibu na Uturuki, na feri yake inakula usiku mzima na nusu ya mchana. Panda ndege, ni saa moja.

Ukishafika, Naxos na Rhodes unaweza kuzimudu kwa basi. Lindos basi lipo mara nyingi, Kamiros ni machache. Krete bila gari utaona Knossos na mji tu. Siku ile ya Gortyn, Phaistos na Matala haiendi bila gari au dereva. Na hapa kuna mambo mawili. Leseni yako ya Kenya au Tanzania iambatane na leseni ya kimataifa, inayotolewa na chama cha magari nchini kwako kabla hujaondoka. Pili, Ugiriki wanaendesha upande wa kulia, na barabara za milimani Krete zina kona zisizosamehe. Kama dereva wenu hajawahi kushika upande wa kulia, asijifunzie kule.

Pesa na tumbo

Sitakupa bajeti ya jumla, bei za nauli hubadilika kila wiki. Yapo matatu yanayosahaulika. Kuanzia Aprili hadi Oktoba serikali inatoza kodi ya mazingira kwa kila chumba kila usiku: euro 2 kwa hoteli ya nyota moja au mbili, 5 kwa tatu, 10 kwa nne na 15 kwa tano, na mara nyingi hulipwa mapokezini, nje ya bei uliyoiona mtandaoni. Familia inayochukua vyumba viwili vya nyota nne kwa wiki inaacha euro 140 pale kaunta. La pili, tiketi za magofu zimepanda: Knossos na Lindos ni euro 20 kila moja. La tatu ni samaki. Kwenye menyu bei ya samaki mkubwa huandikwa kwa kilo, kwa hiyo ingia ndani, mchague, apimwe mbele yako, ujue bei kabla hajaguswa na moto.

Naxos ndiyo nafuu kwa chakula kati ya vitatu, wana viazi vyao, jibini lao na nyama ya kisiwani. Pweza utamkuta ameanikwa kwenye kamba mbele ya mgahawa, kisha anachomwa kwa mkaa. Samaki wadogo wa kukaanga wanaoliwa na kichwa mtu wa Mwanza au Kisumu atawaona ni ndugu wa dagaa.

Kwa Waislamu na Wasabato: mishikaki ya Ugiriki, isipotajwa vinginevyo, ni nguruwe. Omba kotopoulo, kuku. Nyama halali yenye uhakika hupatikana Athens, mitaa ya Omonia yenye maduka ya wahamiaji wa Kipakistani na Kiarabu. Visiwani utegemee samaki na mboga. Rhodes ina jamii ndogo ya Waislamu iliyobaki tangu enzi za Waosmani, na misikiti ya zamani utaiona Mji Mkongwe. Kwa mwenye kutafuta kisiwa kinachomgusa zaidi kihistoria, hilo ni jambo la kuzingatia.

Na Sicily?

Wapo watakaosema mahekalu ya Kigiriki yaliyo mazima zaidi hayako Ugiriki, na hawakosei. Wagiriki walihamia Sicily tangu karne ya nane KK. Agrigento ina hekalu la Concordia, la karne ya tano KK, lililosalimika kwa sababu liligeuzwa kanisa. Siracusa kanisa kuu lina nguzo za hekalu la Athena ndani ya kuta zake, unazigusa ukiwa kwenye misa. Kwa Mtanzania kuna faida nyingine: Italia ina ubalozi Dar es Salaam, wakati ubalozi wa Ugiriki wa karibu uko Nairobi. Tatizo ni ukubwa. Sicily ni mara tatu ya Krete, na utatumia likizo barabarani. Ningeichagua kama lengo ni mahekalu tu, na bahari hata isipoonekana si neno.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto chini ya miaka kumi: Naxos, Mei hadi Juni au Septemba, na siku moja ya Delos mkiwa na maji, kofia na mwavuli. Wanandoa wapya wanaotaka picha, mji mzuri wa usiku na magofu ya nusu siku: Rhodes. Mwalimu wa historia, kikundi cha kanisa, au marafiki wanne wanaoweza kuchangia gari: Krete, na mlale sehemu mbili, Heraklion kisha Chania. Mzee asiyeweza ngazi: Naxos tena, au mji wa Rhodes bila Lindos. Ukiniuliza mimi, kwa safari ya kwanza, ningeenda Naxos, kwa sababu ya Delos. Na chagua kimoja. Siku kumi zenye visiwa vitatu huishia bandarini, umekalia begi.

Chochote utakachochagua, weka usiku wa mwisho Athens. Upepo ukizuia feri siku ya ndege yako ya kurudi nyumbani, tiketi ya ndege haitakungoja.

Viza ni ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, bima ya safari ya angalau euro 30,000, pasipoti yenye uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ukichanganya Sicily na Ugiriki, hesabu usiku.

Mtego uko kwenye boti za Uturuki. Kutoka Rhodes unaona Marmaris ikitangazwa bandarini kama matembezi ya siku moja. Kutoka kisiwa cha Kos ni Bodrum, na kutoka kisiwa cha Samos ni Kuşadası, njia ya kwenda Efeso, ambako wengi wetu tungependa kufika. Uturuki haimo Schengen. Ukivuka umetoka, na mwenye viza ya kuingia mara moja hatapokewa jioni akirudi, begi lake likiwa bado chumbani Rhodes. Kama unaitaka Efeso, omba tangu mwanzo viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na siku hiyo ya Uturuki iandike kwenye ratiba unayoambatanisha na fomu.